Robo ya Wimbi

Baba alikuwa anapanda juu ya bati, nyumbani Tukuyu,
na ufito wa mwanzi, sinia kuukuu limefungwa nchani,
sisi ndani tukawa macho yake:
Bado! Bado chenga! Rudisha! Hapo hapo!
Usishuke kwanza!
Mvua ya Rungwe haikuwahi kumwacha ashuke mkavu.
Hivyo ndivyo nilivyoijua antena:
kitu cha kuinua juu, kinase kisichoonekana
na kukigeuza taarifa ya habari.

Yangu hainasi. Yangu inatoa.
Nyembamba kuliko shazia ya kushonea magunia ya viazi,
shaba ndani ya shaba, na karibu na ncha
nimechonga ufa wa milimita moja
kwa kijisumeno nilichoazima kwa sonara wa Mwanjelwa.
Hapo ndipo moto unapotokea,
hauna mwali, hauna moshi,
ni maji ya nyama yanasukwasukwa
karibu mara bilioni mbili na nusu kwa sekunde.

Jumamosi, Sokomatola, baridi ya Juni.
Gwamaka wa buchani ananipimia kilo tatu za maini.
"Dada Subilaga, kila wiki una harusi?"
Nalisha mashine, namjibu.
Anacheka, anaongeza kipande.

Maabara nalipasha ini kwenye beseni
mpaka lifikie joto la mtu aliye hai.
Nachoma shazia. Dakika tano. Kisha kisu.
Katikati wekundu umehama,
pamebaki rangi ya chai yenye maziwa mengi.
Nilitaka chungwa. Nimepata parachichi:
tumbo chini, shingo juu,
shingo inayopanda na kebo kurudi ilikotoka,
kuelekea ngozi. Kwa mgonjwa, hilo ni jeraha la bure.

Daftari linasema:
tarehe tisa, shingo milimita ishirini na mbili.
Tarehe kumi na sita, kumi na nane.
Tarehe ishirini na tatu, umeme ulikatika.
Tarehe thelathini, ishirini na tano. Nilikata fupi mno. Mjinga.

Dawa yake ni koti, kijibomba cha shaba
kinachovishwa kebo, urefu wake robo ya wimbi.
Lakini robo ya wimbi lipi?
Hewani wimbi hili ni nusu shibiri,
ndani ya ini linajikunyata
halifiki kifundo cha dole gumba,
na ini likianza kuiva, linakauka,
wimbi linajinyoosha tena.
Siku hizi naota kwa milimita.

Baba yuko wadi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Uvimbe, daktari alisema, ni kama kokwa ya parachichi.
Sikumwambia daktari asitumie neno hilo.
Antena yangu haijaruhusiwa kugusa hata panya.
Kuna kamati, kuna nguruwe kwanza, kuna miaka.
Najua. Fomu nilijaza mwenyewe.

Niliifunga kwenye khanga nikampelekea, aione tu.
Akaishika kwa vidole viwili,
akaielekeza dirishani, upande wa Loleza.
"Inashika nini?"
Haishiki, baba. Inachoma. Ila bado inarudisha nyuma.
"Kiasi gani?"
Tisa kwa mia.
Akalipapasa koti kwa ukucha, polepole,
macho yamefumba, kama anatafuta stesheni.
Alisema "hapa pafupi",
au pengine alisema "hapa panatosha".
Koo lake lilikuwa limekauka, nesi alikuwa anasukuma toroli,
na mimi niliona haya kumrudisha.

Jumatatu nimekata makoti mawili,
moja kama lilivyokuwa, jingine refu kwa nusu milimita.
Gwamaka amepima kilo sita, hakutaja harusi.
Niko hapa, saa nne usiku, kisu mkononi,
beseni linafuka mvuke.

Bado chenga, baba.
Usishuke kwanza.